Maswali ya wasomaji: Harold na Lillian, mke na mume wa Hollywood ambao majina yao hatukuyasoma

Toleo lililopita niligusia kwa ufupi habari ya Harold Michelson na mkewe Lillian, mume mchoraji wa storibodi na mke mtafiti wa filamu huko Hollywood, nikasema wameshika filamu kibao ambazo tumezikariri na majina yao hatukuwahi kuyasikia. Barua zimekuja nyingi kweli, zingine za uchungu kabisa, kwa hiyo safari hii nimeweka pembeni maswali mengine yote, tunaongea habari za hawa wawili tu. Barua ndefu nimezifupisha, mnisamehe.

Shikamoo dada. Ulisema ile picha maarufu ya The Graduate, kijana amesimama na sisi tunamwona kupitia chini ya mguu wa yule mama, Harold aliichora kabla haijapigwa. Mi nasoma filamu chuoni na mwalimu wetu kila siku anasema hiyo ni kazi ya Mike Nichols. Ina maana dairekta aliiba? (Mwanafunzi)

Marahaba mdogo wangu. Hapana, hakuiba, na hilo neno tuliache kabisa maana litatupeleka kubaya.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Skripti inaandika tu kwamba mama kakaa, kijana kasimama, wanaongea. Basi. Haisemi kamera iko wapi, juu au chini, karibu au mbali, nani yuko mbele nani nyuma. Mchoraji wa storibodi anasoma huo mstari, anaongea na dairekta au mara nyingi zaidi anaongea na mbunifu wa mandhari ya filamu, halafu anakaa na penseli yake anachora kiboksi kimoja baada ya kingine, kila kiboksi kina umbo lile lile la skrini, na ndani yake kuna kile ambacho mtazamaji atakiona. Ile shoti unayoisema iangalie tena taratibu. Goti la mama limepanda mbele kama mlima, limejaza fremu, na kwenye lile pembe tatu la chini ya goti ndo kijana amesimama kwa mbali, mdogo, kama kaingia kwenye mtego na hajajua. Hakuna mtu amesema neno na wewe umeshaelewa nani ana nguvu mle chumbani. Wazo la namna hiyo haliji pale kwenye seti watu hamsini wanasubiri na taa zinawaka, linakuja mezani, na kwenye meza hiyo mwaka huo alikuwa amekaa Harold.

Sasa Nichols alifanya nini? Aliikubali, na hiyo si kazi ndogo, maana dairekta anapelekewa michoro mingi sana na lazima ajue upi ni wa hadithi yake na upi ni mbwembwe. Halafu Robert Surtees aliyeshika kamera akaiwekea mwanga, na waigizaji wakaibeba. Filamu ilitoka 1967, Nichols akapata Oscar ya uongozaji na mi sina ugomvi na hiyo Oscar hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba ukiulizwa leo nani alichora, darasa zima kimya. Mwalimu wako yuko sawa, ila hajamaliza sentensi. Mwambie kwa heshima amalizie.

Dada unakuza mambo. Mchoraji anachora alichoambiwa, kama fundi anavyojenga ramani ya mwenye nyumba. Tukianza kumtaja kila aliyeshika penseli hatutamaliza. (Msomaji wa siku nyingi)

Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ni hoja ambayo watu wengi wanayo ila hawaisemi.

Wapo wachoraji wa hivyo, wanaambiwa chora gari linapita wanachora gari linapita, sikatai. Lakini Harold hakuwa wa hivyo. Chukua The Birds ya Hitchcock, 1963. Ile ni filamu ya ndege wanaoshambulia watu, na ndani yake kuna mamia ya shoti za ujanja, ndege wa kweli waliofundishwa, ndege wa bandia, picha zilizochorwa kwenye kioo, halafu vyote hivyo vinaunganishwa vionekane kitu kimoja. Huwezi kuipiga kwa kubahatisha, kila kipande lazima kijulikane mapema kinaanzia wapi kinaishia wapi, kama sivyo ndege watatazama kulia na mtoto anayekimbia atakuwa anatazama upande usio wake. Harold alichora storibodi za filamu hiyo akifanya kazi chini ya mbunifu Robert Boyle, akaja tena kwenye Marnie mwaka uliofuata, na Hitchcock ni dairekta aliyejulikana kwa kutaka filamu yote iwe imekamilika kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa. Kwa mtu kama huyo karatasi ndo filamu yenyewe. Na ukimrudisha nyuma zaidi utamkuta Harold kwenye michoro ya The Ten Commandments ya 1956, bahari inapasuka, maelfu ya watu wanapita, na hapo pia si kwamba dairekta wake Cecil B. DeMille alisimama ufukweni akafikiria papo hapo.

Kuhusu fundi na ramani, mfano wako ni mzuri ila umeugeuza. Dairekta anasema nataka nyumba ya watu wanne, na yenye huzuni. Anayechora ramani ni huyu mwingine.

Habari dada, pole na kazi. Mi kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Nimeshindwa kuelewa kitu kimoja, mtu anawezaje kuchora kile hasa kamera itakachoona wakati seti bado haijajengwa? Si atakuwa anakisia tu? (Mchora ramani)

Nzuri kaka, asante. Hili swali lako nimelifurahia sana kwa sababu jibu lake ndo ufundi wenyewe wa Harold, na wewe utauelewa kuliko msomaji yeyote.

Hakisii. Seti kabla ya kujengwa inakuwa na ramani kama zako, ya kutoka juu na ya ukuta mmoja mmoja, na vipimo vyake. Lenzi nayo ina kipimo. Lenzi ya milimita 50 kwenye filamu ya milimita 35 inaona upana wa digrii kama 25 hivi, ukiweka ya milimita 25 inaona karibu mara mbili ya hapo. Sasa chukua ramani yako, weka nukta pale kamera itakaposimama, kutoka kwenye nukta piga mistari miwili inayofunguka kwa hizo digrii. Kilichoingia katikati ya mistari kitaonekana, kilichobaki nje hakipo kabisa kwa mtazamaji. Halafu kwa hesabu ya pespektivu, ambayo unaijua, unanyanyua kile kilichomo ndani unakichora kama jicho la kamera litakavyokiona, na urefu wa ukuta, na dari kama inaingia au haiingii, na mtu akisimama mita tatu kutoka hapo kichwa chake kitafika wapi.

Harold alikuwa fundi wa hilo. Mchoro wake haukuwa wa kupendeza tu, ulikuwa wa kweli, maana mpiga picha akiuweka mkononi na akafunga lenzi iliyoandikwa anaipata fremu ile ile. Na hapo angalia faida yake kwa mwenye pesa, kama mistari yako miwili haiugusi ukuta wa nne basi ukuta wa nne haujengwi, mbao hazinunuliwi, rangi hainunuliwi, mafundi wanahamia seti nyingine. Prodyuza anampenda mchoraji wa namna hii hata kama hamjui jina!

Kuna jambo nalifikiria kila nikitazama michoro yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia Harold alikuwa kwenye ndege za mabomu za jeshi la Marekani, kazi yake kuongoza njia na kulenga, na aliruka juu ya Ulaya zaidi ya mara 40. Kijana wa miaka ishirini na kitu kakaa puani mwa ndege ana ramani bapa magotini, na kutokana na ile ramani bapa lazima aone kichwani mji utakavyotokea chini yake, kwa pembe gani, upande gani, kabla haujatokea. Mi naamini jicho lake lilifundishwa huko, kwenye hofu, halafu akalitumia maisha yake yote kuchora mambo ya amani.

Dada yangu mpendwa, nimekuandikia nikiwa na machozi. Ulitaja kwa mstari mmoja kwamba mtoto wa kwanza wa Lillian ana usonji. Mimi pia wangu. Niliacha kazi miaka sita iliyopita. Huyu mama alirudije kazini, na alianzia wapi? Nieleze tafadhali, usinifupishie. (Mama wa wawili)

Dada yangu, sikufupishii.

Lillian alikulia kwenye vituo vya watoto yatima huko Florida. Kitabu ndo kilikuwa rafiki yake, anasema mwenyewe kwenye filamu ya maisha yao, alikuwa mtoto wa kusoma kila kilichopita mbele yake. Alipokutana na Harold, familia ya kijana haikumtaka, kisa ni yatima, hana watu. Harold akatangulia California kutafuta kazi ya kuchora, Lillian akamfuata, wakaoana Desemba 1947 bila sherehe ya maana na bila pesa. Wakapata watoto watatu wa kiume.

Na huyo wa kwanza, kama ulivyosoma, akawa na usonji, na sasa hapa nakuomba usome taratibu kwa sababu inawezekana na wewe kuna mtu alikuambia maneno ya hivi. Miaka ile wataalamu wengi wa Marekani walikuwa wanaamini usonji unaletwa na mama. Ndiyo, mama. Kwamba mama hana upendo, ni wa baridi kama friji, ndo maana mtoto kajifungia ndani yake. Mtaalamu mmoja, Bruno Bettelheim, hata mwishoni mwa miaka ya 60 bado alikuwa analisimamia wazo hilo, na likamfanya maarufu. Lillian alikwenda kutafuta msaada akarudi amebebeshwa lawama, mtaalamu aliyemwendea alimwambia uso kwa uso kwamba tatizo ni yeye. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alichambua ushahidi akaonyesha kwamba chanzo kiko kwenye maumbile ya ubongo na si malezi, na leo hakuna daktari wa maana atakayekuambia ile habari ya friji. Lakini fikiria mama aliyeishi na maneno yale kabla ya hapo, anaamka nayo, anapika nayo, analala nayo. Dada yangu kama kuna mtu alikutupia hayo, hata kama ni shangazi au jirani na si daktari, naomba leo uyatue.

Sasa kazini. Mwaka 1961 Lillian aliingia maktaba ya utafiti ya studio ya Samuel Goldwyn pale Hollywood, na aliingia kama mtu wa kujitolea, hakuna mshahara, kurudisha vitabu kwenye rafu, kukata picha za magazeti na kuziweka kwenye mafaili. Nakuandikia hili kwa makusudi. Hakurudi kazini kwa mlango mkubwa. Alirudi kwa masaa machache, akiwa na watoto watatu, mmoja wao anahitaji uangalizi wa peke yake, na mume ambaye anaweza kuondoka miezi kwenda kwenye upigaji. Akajifunza kwa yule mama aliyekuwa anaendesha maktaba, na yule alipostaafu, mwaka 1969, maktaba ikawa inauzwa. Lillian akaitaka. Pesa hawana. Wakakopa kwa kuweka dhamana bima ya maisha ya Harold.

Hapo mi huwa nasimama kidogo. Bima ya maisha ni ile pesa ya siku mume hayupo, kinga ya mama na watoto, na wao waliishika wakaigeuza kuwa vitabu. Harold alikubali. Na kuanzia hapo Lillian hakuwa tena mfanyakazi wa mtu, maktaba ilikuwa yake, na miaka iliyofuata dairekta wakubwa wa Hollywood walimpigia simu yeye.

Sijui kwako kitu chako kitakuwa nini. Anza na masaa mawili kwa wiki, mahali penye watu wema, na uniandikie tena, barua yako nitaisoma mimi mwenyewe.

Mtafiti wa filamu anafanya nini lakini? Si unafungua Google tu. (Hakujitambulisha)

Leo unafungua Google na unapata picha elfu moja na nusu yake ni za uongo, lakini sawa, nimekuelewa.

Kipindi kile Lillian anaulizwa kwa simu: ndani ya kituo cha polisi cha mwaka fulani kulikuwa na simu ya aina gani mezani, taa ilining'inia au ilikaa ukutani, sahani za jela ni bati au nini. Mbunifu wa mandhari hawezi kujenga chumba bila majibu hayo, na mtazamaji mmoja tu aliyewahi kuishi chumba kile akiona kosa, filamu imemfia hapo hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Fiddler on the Roof, 1971, hadithi ya familia ya Kiyahudi kijijini Urusi ya zamani. Watengenezaji wakahitaji kujua mabinti wa kijiji kile walivaa chupi za namna gani. Ucheke usicheke, ilikuwa inahitajika, maana nguo za ndani zingeonekana kwenye filamu na fundi wa mavazi lazima azishone. Sasa nani aliwahi kupiga picha chupi za binti wa kijijini miaka ile? Hakuna, kwenye vitabu hakuna kabisa. Lillian akafunga mafaili akaenda Fairfax, mtaa wa Los Angeles uliokuwa na wazee wengi wa Kiyahudi waliohamia kutoka huko, akawakuta vibibi wamekaa kwenye benchi, akakaa nao, akawauliza. Bibi mmoja alikuwa binti enzi hizo hizo, na alikuwa anashona zake mwenyewe. Akamwelekeza mshono wake na akampatia patani, na pindo lake lilikuwa la mawimbi mawimbi. Hilo pindo la mawimbi lingekufa na yule bibi. Ndo utafiti huo, kujua kwamba jibu haliko kwenye rafu liko kwenye benchi, na kumkalia mtu kwa heshima mpaka akuamini.

Wakati wa Scarface, 1983, alifika mpaka kuongea na watu waliokuwa kwenye biashara ya dawa za kulevya wenyewe ili kujua nyumba zao na maisha yao yalivyo. Anasimulia kwamba mmoja alitaka kumpeleka Amerika Kusini kwa ndege akajionee, Lillian yeye tayari anataka kwenda, Harold ndo akakataa katakata, mama wa watoto watatu huendi popote.

Kinachoniuma ni kwamba majina yao hayakuandikwa. Kwa nini? Nani aliamua? (Mhariri wa video)

Kinakuuma, na mimi kinaniuma, tuko wawili.

Sehemu kubwa ni mfumo wa studio ulivyokuwa. Filamu za zamani majina yalikuwa yanakaa mwanzoni, machache, kadi chache zinapita halafu hadithi inaanza, na walioandikwa ni wakuu wa idara. Wachoraji walikuwa waajiriwa wa idara ya sanaa, jina linaloingia ni la mkuu wa idara, wengine wote mnabebwa humo. Ile orodha ndefu inayopanda dakika tano mwishoni, mpaka dereva na mpishi, imekuja kuzoeleka kuanzia miaka ya 70. Mtafiti ndo kabisa, studio zilimwona kama mtu wa maktaba. Na mpaka leo Oscar haina kipengele cha storibodi wala cha utafiti.

Harold alipopanda akawa mbunifu ndipo jina lake likaanza kuonekana. Aliingia kwenye wateule wa Oscar mara mbili kwa uelekezi wa sanaa, Star Trek: The Motion Picture ya 1979 na Terms of Endearment ya 1983, zote hakushinda. Lakini ukiniuliza mimi, kazi yake kubwa ni ile ya nyuma, ya penseli, ambayo haina hata mstari.

Nitasema na langu. Nimewahi kuwa msaidizi wa idara ya sanaa kwenye filamu moja, wiki tisa, nilipaka rangi kuta, nilizeesha milango mipya kwa msasa na majivu mpaka ikaonekana ya miaka arobaini, kuna usiku tulilala kwenye seti. Siku ya kuonyeshwa nikamchukua mama yangu. Tukakaa mpaka jina la mwisho limepanda, taa zimewashwa, wafagiaji wameingia, jina langu halipo. Niliambiwa baadaye ilisahaulika. Mama hakusema kitu, akanishika mkono akasema ule mlango wa buluu nimeujua ni wako. Kwa hiyo mhariri mwenzangu kabla hujaanza kazi yoyote omba jina lako liandikwe kwenye mkataba, na herufi zake uzikague mwenyewe, na usione aibu.

Anti, mimi na mume wangu wote tuko kwenye uzalishaji wa filamu na tunagombana kila siku. Hawa waliwezaje karibu miaka 60? Walikuwa hawagombani? (Mke wa kamera)

Mwanangu, watu hawaishi miaka 60 bila kugombana, na Lillian mwenyewe hasimulii kama malaika, anasema wazi kwamba kuachwa na watoto watatu wakati mume yuko mbali miezi kwenye upigaji kulimchosha.

Ninachokiona ni kwamba hawakukaa meza moja. Harold ana karatasi zake, Lillian ana mafaili yake, filamu zingine walikutana ndani yake na nyingi kila mtu kivyake, lakini kila mmoja alijua kazi ya mwenzake ina uzito gani. Harold alipohitaji picha ya kitu anajua mlango wa kugonga. Na Harold alikuwa anamchorea mkewe kadi, siku ya kuzaliwa, siku ya ndoa, kadi za mkono na vishairi vyake vya utani, mwaka baada ya mwaka. Mtu ambaye kutwa nzima amechorea matajiri, jioni bado ana penseli ya mke wake.

Wako wengine waliofanya kinyume, meza moja kabisa. Hitchcock huyo huyo na mkewe Alma Reville, waliooana 1926, Alma alikuwa mhariri na mwandishi na hakuna filamu ya mumewe ilitoka bila jicho lake. Mwaka 1979 Hitchcock alipopewa tuzo ya maisha na American Film Institute, taasisi ya filamu ya Marekani, alisimama akasema anaomba kuwataja watu wanne tu, mhariri wa filamu, mwandishi wa skripti, mama wa binti yake, na mpishi hodari, halafu akasema wote wanne jina lao ni Alma Reville. Alisema mbele za watu, na kwa jina. Mwonyeshe mumeo hapa, na wewe pia ukumbuke mara ya mwisho umelitaja jina lake mbele za watu ilikuwa lini.

Maktaba yake iko wapi leo? Na naweza kuwaona wapi hao wawili? (Mkutubi)

Maktaba imehama sana, masikini. Baada ya kuinunua ilikaa kwenye jumba la Greystone kule Beverly Hills lililokuwa makao ya American Film Institute, baadaye dairekta Francis Ford Coppola akaichukua kwenye studio yake ya Zoetrope mwanzoni mwa miaka ya 80, ile studio ilipoanguka kifedha maktaba ikahamia Paramount, na mwisho studio ya DreamWorks. Kila mara ni maboksi, malori, kupanga upya. Mwenye maktaba ni mwanamke mmoja na kila mwenye jengo akibadilika anaanza kutafuta pa kuweka vitabu 5,000 na picha kama 30,000 na lundo la vipande vya magazeti. Alipostaafu maboksi yakakaa stoo miaka, mpaka yalipochukuliwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, walitangaza mwanzoni mwa 2021, nia ikiwa ni kuyaweka mtandaoni mtu yeyote afungue bure. Wewe mkutubi unajua kazi ya kuskani picha moja moja ikoje, kwa hiyo usitegemee kukuta kila kitu, lakini ingia uanze kuchimba.

Kuwaona wenyewe, tafuta filamu ya hali halisi inaitwa Harold and Lillian: A Hollywood Love Story, ya Daniel Raim, 2015. Harold alifariki 2007 ila sauti yake imo, na michoro yake imewekwa pembeni ya shoti halisi, mchoro huu, shoti hii, unaona kwa macho yako. Lillian ndo anasimulia zaidi, na anasimulia vizuri mno.

Dada eti ni kweli wale wazazi wa Fiona kwenye Shrek wamepewa majina yao? (Baba wa binti wa miaka saba)

Ni kweli kaka. Shrek 2, 2004, mfalme anaitwa Harold na malkia anaitwa Lillian. Maktaba wakati huo ilikuwa pale pale DreamWorks, vijana wa animesheni walikuwa wanapanda kwa mama kutafuta picha za majumba na mavazi, na walimpenda yeye na mumewe, wakawaweka kwenye hadithi. Mkiitazama tena na binti yako sikilizeni vizuri, humo majina yote mawili yanatamkwa.